Mti na Kilima Chake

Barabara namba 254 ya California haimfikishi msafiri popote ambapo barabara kuu ya 101 isingemfikisha mapema zaidi. Zote mbili zinafuata bonde la Mto Eel, zinapishana juu na chini, na mwenye haraka zake hana sababu ya kuiacha ile kubwa. Zamani hii 254 ndiyo iliyokuwa 101 yenyewe. Barabara pana ya kisasa ilipojengwa kandokando yake malori yakahamia huko, na njia ya zamani ikabaki na kazi moja: kumpitisha mtu taratibu, kwa kilomita 50 hivi, katikati ya misekwoya, jamii ya miti iliyo mirefu kuliko yote duniani. Jina lake ni Avenue of the Giants. Niliipita pamoja na Mama na dada yangu, na tangu safari ile siizungumzii misitu ya kwetu kama nilivyokuwa nikiizungumzia.

Safari aliitaka Mama. Dada ni muuguzi Oakland, na kwa miaka mingi alimsihi Mama aende akaone anavyoishi. Mama alipokubali alitoa sharti. Marehemu Baba alikuwa mpasua mbao katika milima ya Usambara, enzi za msumeno wa watu wawili, mmoja amesimama juu ya gogo na mwenzake yuko shimoni, vumbi la mbao likimmwagikia usoni. Sebuleni kwetu, karibu na mlango, Baba alibandika picha aliyoikata gazetini: wanaume wa Marekani wamejipanga juu ya kisiki kimoja na bado nafasi imebaki. Wapasua mbao wenzake walipokuja jioni waliibishia sana picha ile. Wengine walisema ni ujanja wa mpiga picha tu. Baba alifariki ubishi haujaisha. Basi Mama akasema kwenda Marekani atakwenda, lakini madaraja na maghorofa waonyeshwe wengine. Yeye apelekwe kwenye miti.

"Mwanangu," alimwambia dada kwenye simu, "baba yenu ameniachia swali. Nataka jibu lake kabla sijamfuata."

Tuliondoka Oakland alfajiri, tukavuka ghuba kwa daraja la Richmond, tukashika 101 kuelekea kaskazini. Santa Rosa ni mizabibu, Ukiah ni mizabibu. Baada ya Willits milima inabana, kona zinaanza, na Mama, aliyekaa mbele amevaa sweta juu ya kanga na kuikumbatia chupa yake ya chai ya tangawizi, akaanza kunyamaza. Nilidhani ni kichefuchefu. Kumbe alikuwa anaangalia vilele vya miti.

Leggett kuna msekwoya uliotobolewa shina tangu miaka ya 1930 ili gari lipite katikati. Mahali penyewe ni mali ya watu binafsi, unalipa kiingilio getini, unakunja vioo vya pembeni, unapenya polepole. Dada alikuwa ameshapanga foleni Mama alipofungua mlango akashuka. "Piteni. Mimi nitazunguka." Hakusema zaidi. Alilizunguka shina kwa miguu, kiganja kikiwa kwenye gome, akatungoja upande wa pili. Tulipomfikia nilimuuliza kwa nini, akanijibu kwamba mti ule bado unaishi, na yeye hapiti ndani ya kitu kinachoishi.

Ni kweli unaishi. Sehemu ya shina inayopitisha maji na chakula iko nje, chini ya gome, na kwa kuwa mbavu mbili za pembeni ziliachwa, mti haukukauka. Lakini miti iliyofanyiwa hivyo haikudumu yote. Ule wa Wawona, Yosemite, wa jamii nyingine ya misekwoya, ile minene ya milimani, ulitobolewa mwaka 1881 ukaanguka mwaka 1969 kwa uzito wa theluji. Mwingine maarufu wa jamii hiyohiyo, ambao shina lake nalo lilitobolewa karne ya 19, uliangushwa na dhoruba ya Januari 2017. Leo hakuna hifadhi yenye akili timamu ambayo ingeruhusu kutoboa mwingine. Watu wa zamani waliona kwamba mgeni hawezi kuuthamini mti mpaka augeuze kuwa kitu chake, na njia waliyoijua ni kuutoboa.

Mbele kidogo ya Leggett, kabla ya Garberville, barabara ya 101 yenyewe inapenya katika kichaka kizito cha misekwoya kinachoitwa Richardson Grove. Hapo hakuna njia ya kando. Malori na magari madogo yote yanajibana kwenye lami nyembamba, miti imesimama ukingoni kabisa, na mashina mengine yana makovu pale magari yalipoyagusa. Mizizi ya miti hii haiendi chini sana, inatambaa kwa upana, kwa hiyo iko chini ya lami hiyohiyo tunayoikanyaga. Tangu mwaka 2007 idara ya barabara ya jimbo imetaka kuinyoosha sehemu ile ili malori marefu yapite, na kesi zikafuatana mahakamani. Wafanyabiashara wa Humboldt wanataka mizigo yao ifike kwa bei nafuu, na sina neno la kuwalaumu. Wanaopinga wanaogopa mizizi kukatwa. Nilipita pale kwa mwendo wa kutambaa nikiwa upande wa mizizi, na bado niko huko: lori linaweza kufupishwa, na hasara ya kulifupisha inahesabika.

Garberville tulishuka kula. Ukutani mwa mkahawa ule walitundika msumeno wa zamani, mrefu kuliko meza ya watu wanane, na mshikio kila mwisho. Mama aliacha sahani yake akausogelea, akapitisha kidole juu ya meno bila kuyagusa. "Huu si wa kupasua," akasema. "Huu ni wa kukata. Wa kupasua meno yake yanaelekea upande mmoja, kila jino linachimba mbele. Haya yamepangwa mawili mawili, la kukata na la kuondoa vumbi." Dada akamtafsiria mhudumu. Yule binti akamwangalia Mama kwa heshima ya aina nyingine kabisa, akatuletea chai ambayo hatukuiagiza na akakataa malipo.

Kwenye Avenue yenyewe tuliingia Phillipsville. Jua lilikuwa linawaka barabarani, halafu ghafla kioo cha mbele kikaanza kulowa. Dada akawasha waipa. Anga ilikuwa haina wingu la mvua hata moja. Mama akacheka, cheko lake la kwanza tangu Willits, akashusha kioo cha dirisha na kutoa mkono nje. Anaijua mvua hiyo. Usambara nako ukungu ukipanda asubuhi, chini ya miti kunanyesha na shambani ni kukavu.

California ya pwani karibu haipati mvua wakati wa kiangazi. Kinachokuja ni ukungu kutoka Bahari ya Pasifiki, unaoingia mabondeni usiku na kukaa. Majani madogo ya msekwoya yanaunasa, matone yanakutana, yanadondoka hadi kwenye mizizi. Na majani yenyewe pia yanakunywa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya maji yanayoingia katika msitu wa aina hii kwa mwaka hutokana na ukungu. Maana yake ni kwamba mti unajiletea maji, na unawaletea mimea mingine, vijito na samaki. Ukiuondoa, ukungu utapita kama kawaida, lakini hakuna atakayeunasa.

Sitasema miti ile ikoje kwa jumla, maana kila anayejaribu huishia kutaja majengo. Nitaeleza gome. Ni jekundu la kahawia, limepasuka mifereji ya wima ambamo unaweza kuzamisha kiganja kizima, na kwa juu ni nyuzinyuzi, laini, halina baridi hata pale ukungu ulipolilowesha. Kwa miti mikubwa unene wake hufika sentimita 30. Utomvu wenye kunata ni kidogo, na ndani kuna kemikali zinazowakimbiza wadudu na kuvu. Kwa unene huo na uchache huo wa utomvu, moto unaounguza misitu mingine hupita hapa na kuacha weusi tu. Mama aliweka sikio lake pale. Mimi sikuuliza alikuwa anasikiliza nini.

Katika kituo cha wageni cha hifadhi ya jimbo ya Humboldt Redwoods wamehifadhi gari la ajabu. Mwaka 1917 Charles Kellogg, msanii wa jukwaani aliyesifika kwa kuiga sauti za ndege, alichukua kipande cha gogo la msekwoya, akachonga ndani yake chumba chenye kitanda na kabati, akakipandisha juu ya lori la Nash Quad, akazunguka nacho nchi nzima. Alitaka watu wasiowahi kufika California waguse mti huo, labda wangeuhurumia. Nilikaa muda mrefu mbele ya gari lile. Kellogg hakuwa na cheo wala fedha ya kununua msitu. Alikuwa na sauti na lori, akatumia alichonacho.

Mwaka huohuo wa 1917 wanaume watatu wasomi walipanda kaskazini kwa barabara iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa: John C. Merriam, Henry Fairfield Osborn na Madison Grant. Waliona miti ya umri wa karne nyingi ikiangushwa ili iwe mataruma ya reli, vigae vya mbao na vigingi vya mizabibu. Niliposoma habari ya vigingi nikaikumbuka ile mizabibu tuliyoipita asubuhi. Mwaka uliofuata walianzisha chama cha Save the Redwoods League. Barabara iliyowaleta wakataji ndiyo iliyowaleta na hao, na ukweli huu unanisumbua hadi leo, kwa sababu kwetu tunapopigania au kupinga barabara ya kupita msituni, tunazungumza utadhani barabara huleta watu wa aina moja tu.

Chama hicho hakikuokoa msitu peke yake. Wanawake wa Humboldt walikuwa wameshajipanga. Novemba 1924, Laura Mahan na mumewe James waligundua kwamba kampuni ya mbao imeshaanza kukata katika eneo la Dyerville, lililokuwa linajadiliwa ili liwe hifadhi, wakapiga kelele hadi kazi ikasimamishwa. Kibao chao kipo msituni. Halafu akaja John D. Rockefeller Mdogo na dola milioni 2, fedha iliyowezesha mwaka 1931 kununuliwa kwa bonde la Bull Creek. Msitu unaobeba jina lake una ekari 10,000 hivi, na ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya misekwoya ya kale isiyowahi kukatwa, iliyoshikana mahali pamoja. Kabla ya wakataji, misitu ya aina hii ilienea ekari milioni 2 hivi. Iliyobaki bila kukatwa ni asilimia 5 tu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vibao vya zamani vilinyamazia. Madison Grant, mmoja wa wale watatu, mwaka 1916 alitoa kitabu kinachofundisha kwamba watu wa Ulaya ya Kaskazini ni bora kuliko binadamu wengine na kwamba damu yao ilindwe isichanganyike. Kitabu hicho kilisaidia kutunga sheria mbaya na kilipendwa na watu wabaya. Nilisimama katika kichaka cha waasisi, Founders Grove, mimi mwana wa mpasua mbao wa Usambara pamoja na mama yangu mwenye kanga, tukivuta hewa ya msitu ambao mtu yule alisaidia kuulinda, naye asingependa kutuona pale. Sikuweza kumshukuru, na sikuona sababu ya kumshukuru. Mwezi Juni 2021 idara ya hifadhi za jimbo iliondoa kumbukumbu yake iliyokuwa Prairie Creek, na chama chenyewe kimekiri wazi historia hiyo. Walifanya vema. Msitu haukupungua hata jani.

"Na wenyewe wako wapi?" Mama akauliza.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi karibu na Weott, tunakunywa ile chai ya tangawizi. Dada alidhani anauliza walinzi wa hifadhi. Mama akatikisa kichwa. Mahali penye maji kama haya na samaki mtoni, alisema, hapakosi wenyewe. Walikwenda wapi?

Dada alimweleza anayoyajua. Bonde hili lilikuwa la Wasinkyone. Kaskazini kidogo, kando ya ghuba ya Humboldt, walikuwa Wawiyot. Mbele zaidi Wayurok, ambao hadi leo wanachonga mitumbwi kwa magogo ya misekwoya. Wazungu walipofurika katikati ya karne ya 19 kufuata dhahabu, na baadaye mbao, watu hawa waliwindwa. Tarehe 26 Februari 1860 wanawake, watoto na wazee wa Kiwiyot waliuawa usiku katika kisiwa cha Tuluwat, mbele ya mji wa Eureka, walipokuwa wamekusanyika kwa ibada yao. Mwaka 2019 halmashauri ya mji huo iliwarudishia kisiwa. Na mwaka 2022 ilitangazwa kwamba Save the Redwoods League imewakabidhi makabila 10 ya Baraza la Sinkyone msitu wa ekari 523 karibu na bahari, wenye jina la kale la Tc'ih-Léh-Dûñ.

Mama alisikiliza hadi mwisho. "Wamerudishiwa kipande," akasema.

"Ndiyo, Mama. Kipande."

"Basi wamalizie."

Katika Founders Grove umelala Dyerville Giant, msekwoya wa takriban mita 110 ulioanguka Machi 1991. Inasimuliwa kwamba jirani aliyesikia kishindo alidhani treni zimegongana. Kitako cha mizizi yake kimesimama wima, kirefu kuliko mtu mara mbili tatu, na ukikitazama unaelewa jinsi mizizi ilivyokuwa ya juujuu. Mama alitembea sambamba na gogo, pole pole, sisi nyuma yake. Juu ya gogo pameota kangaga, kuvumwani na miche. Alipofika mbali alisimama, akageuka kuangalia alikotoka. "Baba yenu alikuwa na haki," akasema. Akakaa chini palepale, kwenye majani makavu, akalia kidogo. Tulimwacha.

Alipoinuka ndipo alipoona visiki vya pembezoni, vya miti iliyokatwa kabla eneo halijahifadhiwa. Kuzunguka kimoja yalikuwa yamesimama mashina machanga, membamba, yamejipanga duara. "Kumbe ni mgomba!" akasema, na hilo ndilo elezo bora nililowahi kulisikia kuhusu msekwoya. Ukikatwa haufi, unatoa machipukizi kutoka kwenye shina la chini, yanamzunguka mama yao, na baada ya mamia ya miaka, mama akiwa ameoza, wanabaki wao kwenye duara tupu katikati. Ni michache sana miongoni mwa miti ya koni inayoweza hivyo. Moto wa Agosti 2020 ulipoipitia Big Basin, hifadhi ya kwanza ya jimbo la California iliyoanzishwa mwaka 1902, uliunguza karibu hifadhi nzima, na bado misekwoya mingi iliyobaki mieusi ilivaa majani mapya moja kwa moja shinani.

Kuna watu waliotumia sifa hiyo kuhalalisha kukata: si utachipua? Utachipua, ndiyo. Lakini chipukizi la miaka 80 halina lile tandazo la kangaga na udongo unaojikusanya kwenye matawi ya juu ya mti wa miaka 1,500, wala ndege wa baharini aitwaye mareleti, anayetaga kwenye tawi pana lenye kuvumwani, hana pa kuweka yai. Mwanamke kijana, Julia Butterfly Hill, alipanda msekwoya mmoja juu ya mji wa Stafford Desemba 1997 na hakushuka kwa siku 738, hadi makubaliano yalipofikiwa ya kuuacha. Niliposimulia habari hiyo nyumbani baadhi ya watu waliona ni kichaa. Mimi naona aliijua tofauti kati ya mti na machipukizi yake.

Nimefika sasa kwenye jambo lenyewe. Kutoka Founders Grove barabara ndogo inaelekea magharibi kufuata kijito cha Bull Creek, ndani ya msitu wa Rockefeller. Lami inapinda kushoto kulia kukwepa mashina, mwanga ni hafifu mchana, na gari mbili zikikutana lazima moja isimame. Tulishuka hadi kwenye kijito. Nilitegemea maji membamba yenye kingo za majani. Nilikuta uwanja mpana wa kokoto na mawe, na katikati yake maji yanapita kana kwamba hayajui pa kushika.

Wenye nia njema walinunua bonde mwaka 1931. Walinunua pale ilipo miti mikubwa, tambarare ya chini, wakaona kazi imekwisha. Vilima vilivyo juu viliachwa mikononi mwa watu binafsi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bei ya mbao ikapanda, matrekta yakaingia, vilima vikakatwa na barabara za kusombea magogo zikachimbwa kwenye miteremko mikali. Hapakuwa na sheria ya kuzuia, na msitu wa chini haukuguswa hata kwa shoka moja. Desemba 1955 mvua kubwa ikanyesha. Udongo wa vilima vile ulishuka, kijito kikajaa mawe, maji yakapanuka na kula kingo, na miti mikubwa ikaanza kuanguka. Mamia. Miti iliyokuwa imelipiwa, imewekewa kibao, imeimbiwa hotuba, ilichimbuliwa mizizi na kilima ambacho hakuna aliyekifikiria. Desemba 1964 mafuriko mengine makubwa zaidi yakaja; pale Weott kuna nguzo yenye alama ya maji yalipofika, na lazima uinue shingo kuiona. Baada ya 1955 ndipo jimbo na chama wakaanza kununua vilima, miaka ikapita katika kuziba barabara zile za magogo na kupanda upya. Leo hifadhi nzima ina ekari zipatazo 53,000, na sehemu kubwa yake ni vilima vilivyokatwa, vinavyouguzwa.

Nilimweleza Mama hayo tukiwa tumesimama kwenye kokoto. Hakushangaa. Alinikumbusha kijito chetu, kile nyuma ya nyumba tulikochota maji nikiwa mdogo. Baba na wenzake walikata miti mingi ya mkulo, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye mbao hizo. Sitaikana kazi ya baba yangu. Lakini wazee waliwawekea mpaka: juu ya chemchemi hakuna kugusa, hata mti uwe mzuri namna gani, na Baba aliutii. Walipofariki wazee wale kilima kikagawanywa mashamba ya viazi na kabichi. Msitu wa chini, ulio na mabango ya hifadhi, ulikuwa salama, na sote tuliona fahari kwamba kwetu kuna hifadhi. Mvua zilipokuja kijito kilikuwa tope jekundu. Kiangazi kilipokuja, Mama alitembea hadi bonde la pili na ndoo kichwani.

Tunahesabu miti, tunaweka mipaka panapopendeza macho, tunapiga picha na mti mkubwa. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya mkukusu wa mita 81.5 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa barani Afrika, na watu wengi waliisambaza kwa furaha. Nami nilifurahi. Mwaka 2025 wataalamu walieleza spishi mpya ya mti mkubwa, Tessmannia princeps, kutoka misitu ya vijiji vya milima ya Udzungwa, baadhi yake ikikadiriwa kufikia umri wa miaka 3,000. Nikafurahi tena. Lakini tangu Bull Creek, nikisoma habari ya mti mkubwa, swali langu la kwanza ni nani anamiliki ardhi iliyo juu yake, na anapanda nini.

Swali hilo si la wataalamu peke yao. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji chochote cha Tanzania, kupitia mkutano wake mkuu, kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake chenyewe. Mipaka huchorwa katika vikao ambavyo mara nyingi vijana hawahudhurii na wasomi wa mjini hawasafiri kwenda kuvisikiliza. Kama kwenu kuna kikao cha namna hiyo mwaka huu, nenda. Ramani ikitandazwa mezani, kabla hamjakubaliana kuhusu msitu, waombeni wawaonyeshe kilima kilicho juu yake, na kiingizwe ndani ya mpaka.